Upinde wa Alasiri Moja

Kwa miaka kumi na moja Basilyo alimwita shemeji yake Maring "fundi wa midoli," na kwa miaka yote hiyo Maring alimwacha aseme. Si kwamba alikuwa mnyonge wa maneno. Mdomo wake ulijulikana tangu kijijini hadi sokoni kule chini, na wauza samaki walipunguza bei wenyewe wakimwona anakuja. Alimwacha kwa sababu jina lenyewe lilikuwa la kweli. Tangu mumewe afariki aliishi kwa kutengeneza pinde ndogo za mianzi, zile ambazo watu wa mjini huwanunulia watoto wao kando ya barabara, kila upinde na mshale wake mmoja butu uliofungwa uzi, ili mtoto asiupoteze wala asimtoe mwenzake jicho. Upinde wa namna hiyo ulidumu siku mbili, ukijitahidi sana tatu.

Basilyo, kaka wa marehemu, alikuwa mtu wa shughuli nyingine. Upinde wake ulitoka kwenye moyo mweusi wa mti wa mvumo, ukakaushwa juu ya moshi wa jiko msimu mzima, ukaparuliwa pande zote mpaka ukang'aa na kuteleza mkononi. Kwa upinde huo alikuwa ameangusha nguruwe mwitu ambao idadi yao iliongezeka kidogo kila alipoisimulia. Upinde wa mwanzi, alisema, ni kitu ambacho mwanamume hutengeneza akitaka kuchekwa.

Siku mto ulipokuja, upinde wake ulikuwa nyumbani, umening'inia juu ya jiko. Hapo ndipo mahali pake nyakati za mvua, maana kamba yake ya magome hulegea ikilowa. Na nyumbani palikuwa mwendo wa saa mbili na nusu, tena wa kupanda.

Walikuwa wameshuka mtoni watu wazima watatu na kichanga. Ludya, binti wa pekee wa Basilyo, alikuwa na shamba la viazi vitamu kwenye kisiwa kilichobaki katikati ya mto tangu mlima ulipolipuka na kulijaza bonde majivu. Udongo ule wa majivu hutoa viazi vya kujivunia, na hakuna mwanamke mwenye akili zake aliyeuacha kwa kuogopa maji. Asubuhi walivuka kwa miguu, maji yakiwa chini ya magoti. Ilipofika saa sita mchana Basilyo na Maring walikuwa wamesharudi upande wa huku na magunia manne, wanayafunga kwenye gari la mianzi lisilo na magurudumu ambalo Sajini, nyati wao wa kulimia, angeliburuta hadi nyumbani. Ludya alibaki kisiwani amalizie tuta la mwisho na kumnyonyesha binti yake, Bining, mwenye miezi mitatu.

Pale walipokuwa halikudondoka tone. Mvua ilikuwa kule juu, kwenye kilele kisichoonekana kwa mawingu. Sajini ndiye aliyesikia wa kwanza. Aliinua kichwa akaacha kucheua. Kisha ardhi ikaanza kunguruma chini ya nyayo, na Maring akajua ni nini kabla hajageuka kutazama. Maji yalikuja ya kijivu, mazito mfano wa uji, yamebeba magogo na mawe yaliyokuwa yanagongana chini chini. Mkondo mdogo wa nyuma ya kisiwa, uliokauka miezi sita, nao ukajaa. Hata Basilyo alipomaliza kumpigia binti yake kelele atoke, hapakuwa tena na pa kutokea.

Kisiwa chenyewe ni majivu matupu, na maji yalikila kama sukari. Kati ya Ludya na ukingo wa kisiwa palikuwa na matuta kumi na mawili ya viazi. Walipotazama yalikuwa tisa. Ludya alisimama chini ya mkwaju, mti pekee wa kisiwani, ambao mizizi yake ilishika ardhi ya zamani iliyofukiwa na majivu. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitambaa. Hakulia wala hakukimbia huku na huko. Aliinua mikono akaonyesha vidole tisa, kisha akaketi kwenye shina la mti kungoja wakubwa wake wafanye jambo.

Basilyo alitaka kuingia majini vile vile alivyokuwa, na nguo zake. Maring alimkamata ukosi wa shati. Gogo lenye unene wa mwili wa Sajini lilipita mbele yao likijigeuza, na Basilyo akaacha kuvutana naye.

"Ukizama wewe, huyo nitamtoa na nani?" Maring alimwambia. "Tumia kichwa, shemeji. Kitumie leo."

Walichohitaji kilikuwa wazi kwa wote wawili: kamba ya kufika kwenye mkwaju. Kamba zilikuwepo. Palikuwa na ile ya Sajini, ile ndefu ya kufungia mizigo, na machela ya kumlazia Bining iliyosukwa kwa nyuzi za mgomba, na zikiungwa zote zingetosha. Ndani ya kikapu chake Maring alikuwa pia na kibunda cha nailoni nene ya kuvulia samaki, ile anayotumia kuvika pinde zake kamba, na hiyo hatembei bila kuwa nayo. Nailoni ingetangulia, kamba ingefuata. Basilyo akafunga jiwe kwenye nailoni akalirusha. Alikuwa na mkono ambao kijiji kizima kiliuheshimu, na jiwe lilianguka katikati ya mto. Alirusha tena, na tena. Jiwe lenye mkia haliendi mbali hata likitupwa na nani. Kutoka ukingoni hadi kwenye mkwaju palikuwa na hatua arobaini na tano au hamsini.

"Ningekuwa na upinde wangu," alisema Basilyo.

"Huna. Panga unalo, na mianzi iko mgongoni kwako."

Basilyo aligeuka akaitazama mianzi, kichaka kizima kilichoinama juu ya njia, kisha akamtazama yeye. Alimwambia kwamba huu si wakati wa midoli.

"Huu ndio wakati wake hasa," Maring alisema, na tayari alikuwa ameshamnyang'anya panga.

Aliogopa, na hofu ile haikuwa ndogo. Mama yake Ludya alifariki binti akiwa na miaka sita, na ni Maring aliyemsuka nywele, akamfundisha kuchagua mbegu, akakaa naye usiku kucha siku Bining anazaliwa. Lakini kile ilichokuwa inaombwa, mikono yake ilikifanya kila siku ya Mungu. Tofauti ilikuwa ukubwa tu. Aliwatengenezea watoto wa miaka mitano. Leo angemtengenezea mzee wa hamsini na nane.

Aliingia kichakani akigonga mianzi kwa mgongo wa panga. Ule wa mwaka huu aliupita, bado una maganda yake ya utotoni na ukiugonga unaitika kwa uvivu. Ule uliopauka aliupita pia, huo hupasuka kwa kutazamwa. Alisimama kwenye mmoja wa miaka mitatu, wa kijani kilichokolea, wenye vidoa vyeupe vya ukungu, ulioitika kwa sauti kavu na safi. Aliukata juu ya kifundo cha pili kutoka chini, mapigo manne, akatoa kipande chenye urefu wa kutoka ardhini hadi kwenye paji la uso wake, huku akihakikisha kifundo kimoja kinakaa katikati kabisa, pale mkono utakaposhika. Kisha akaupasua kwa urefu. Ukafunguka nusu kwa nusu bila ubishi.

Basilyo akachukua nusu moja. Kuchonga upinde ni kazi yake, alisema, na kuhusu hilo asingesikia neno. Maring hakubishana. Matuta yalikuwa saba, na mikono minne ilikuwa bora kuliko miwili. Alimwachia panga, akachukua kisu chake kidogo, akaenda kutafuta matete ya mishale na kuunga kamba.

Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alikuja kulikiri kosa hilo kwa kila aliyemsimulia. Kuna neno moja ambalo hakulisema. Hakulisema kwa sababu uani kwake, ambako watoto wa kijiji huja kujifunza kuchonga, hakuna mtoto anayehitaji kuambiwa. Ni jambo la kwanza wanalojifunza, kabla hata ya kushika kisu. Haikumpitia akilini kwamba fundi mkubwa kuliko wote mlimani asingelijua.

Alikata matete matatu yaliyonyooka, akayachongea vichwa vya mwanzi mkavu akavisokomeza na kuvifunga vizuri, viwe na uzito. Akaziunga kamba tatu, kila fundo akilivuta kwa mguu. Aliporudi Basilyo alikuwa karibu kumaliza, amepiga magoti, anatoka jasho, na upinde alioushika ulipendeza kweli kweli. Ulikuwa wa mviringo, laini pande zote, mweupe kama mfupa uliolambwa. Maring aliona vipande vya kijani vilivyotapakaa magotini kwake.

"Shemeji, umeparua ganda."

"Nimelainisha," alisema Basilyo, na kabla Maring hajafika aliweka mguu, akaukunja upinde avike kamba.

Ulilia mara moja tu. Ulivunjika pale juu ya mshiko, ukafumuka nyuzi nyuzi, na kijiti kimoja kikamwingia kwenye kiganja cha mkono wa kushoto kikatokea upande wa pili wa nyama ya kidole gumba. Basilyo hakupiga kelele. Alikitazama kijiti, akautazama upinde, kisha akatazama ng'ambo. Binti yake alikuwa ameinua vidole vitano.

Maring alikitoa kijiti kwa meno, akaufunga mkono kwa kilemba chake. Alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha moto bila kibiriti, hasira na yeye mwenyewe kwanza.

"Nisikilize," alisema. "Mvumo unauparua popote, nguvu zake zimeenea mwili mzima. Mwanzi nguvu zake zote ziko kwenye ganda. Ndani ni nyama tu. Wewe umeuchuna ngozi ukabakiza mafuta."

Basilyo aliokota kipande kimoja cha ganda, akakigeuza geuza.

"Nusu ya pili ipo," Maring aliendelea. "Washa moto, hapo hapo kwenye jiwe. Na kazi yangu usiiguse."

Akawasha moto. Alitafuta maganda makavu ya mianzi chini ya kichaka, akapuliza akiwa amepiga magoti na viwiko kama mtoto aliyetumwa. Maring aliketi na nusu ya pili mapajani, ganda likiwa chini, akaanza kuondoa nyama ya ndani kwa kuisukuma mbele kwa panga, vipande virefu vyeupe, toka katikati kwenda ncha moja, kisha toka katikati kwenda ncha ya pili. Katikati aliacha upana wa vidole vitatu. Kwenye ncha, kidole kimoja. Kila baada ya muda aliushika upinde katikati, akaukandamiza kwenye goti, akatazama upande gani unakunja na upande gani unagoma, akapunguza ule unaogoma. Ganda hakuligusa. Kingo tu ndizo alizozipitisha kisu, zisimkate mtu. Alikuwa anaimba chini chini bila kujijua, vile anavyofanya kila siku uani, na Basilyo alimtazama akidhani ameingiwa na wazimu.

Kisha akaupitisha juu ya moto, upande wa nyama, taratibu, akiuzungusha. Mwanzi ukatoa jasho, maji yakachemka kwenye ncha, rangi ya kijani ikageuka ya asali. Alikata kipande kifupi kutoka kwenye mabaki ya upinde uliovunjika, urefu wa mkono, akakilaza tumboni mwa upinde mpya kwenye mshiko na kukifunga kwa nailoni, mizunguko thelathini kila upande, ili ubavu huo usaidie mgongo. Alikata vijipengo viwili kwenye ncha, akasokota nailoni nyuzi nne kuwa kamba moja, akavika. Upinde ukajikunja ukatulia. Ulikuwa na sura mbaya. Ulikuwa na vifundo, ulifungwa viraka, na ulinuka moshi.

Matuta yalikuwa matatu. Kibanda cha Ludya cha kuwekea majembe kilikuwa kimeshakwenda, na Maring hakukumbuka kukiona kikienda.

Basilyo aliuliza manyoya ya mshale yako wapi. Maring akamwambia uzi ndio mkia, mshale wenye uzi haupindi, hilo analijua kila mtoto aliyenunua kwake. Aliifungua nailoni na kuipanga kwa mizunguko mikubwa juu ya jani pana la mgomba, isije ikajifunga, akafunga mwanzo wake karibu na kitako cha mshale. Kisha akampa upinde.

"Jicho ni lako," alimwambia. "Sina ubishi na jicho lako. Ila huu usiuvute mpaka sikioni, utakufia mkononi. Mpaka kidevuni, basi."

Basilyo aliupokea kwa mkono uliofungwa kilemba, na damu ikapenya kitambaa alipokaza. Akasimama vile anavyosimama siku zote, mguu mmoja mbele, mabega yametulia, na mtu ambaye hakujua lolote angeona tu mwindaji anayesubiri nguruwe. Akavuta hadi kidevuni. Akaachia.

Mshale ulikwenda umenyooka, mzuri, shabaha ya kifua cha nguruwe, ukapoteza nguvu na kuzama hatua kumi kutoka ukingo wa kisiwa. Maring alivuta nailoni haraka. Sehemu ya kichwa ilikuwa imebaki kwenye kitu fulani mle majini. Akafunga mshale wa pili, akapanga uzi upya, kisha akachukua upinde, akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu. Ulikuwa umeanza kulala. Mwanzi mbichi huchoka, unakumbuka ulivyokunjwa na kusahau ulivyonyooka. Midoli yake hufanya hivyo kwa siku mbili. Huu ulikuwa umevutwa na mwanamume mzima.

"Umebaki mshale mmoja ndani ya upinde huu," alisema. "Labda mmoja na nusu. Umelenga shabaha ya mshale huru. Huu una mkia, unaburuta. Lenga juu, shemeji. Juu ya mkwaju, juu ya kile kiwingu cheusi. Utaona unakosea. Kosea hivyo hivyo."

"Watoto ndivyo wanavyofanya?"

"Wa miaka mitano wanaweza. Wa sita wanaanza kubisha."

Basilyo karibu acheke, na mabega yake yakashuka kidogo. Maring alimpigia Ludya mbinja ya vidole viwili, ile anayowaitia watoto. Ludya akasimama. Tuta moja likatumbukia wakati huo huo, lote, na majani yake ya kijani.

Basilyo alielekeza upinde mbinguni, mahali ambapo hakuna mwindaji aliyewahi kulenga mnyama. Akavuta hadi kidevuni, akashikilia kwa pumzi moja. Mwanzi ulitoa sauti ndogo ya kulalamika. Kisha mshale ukaondoka, na mizunguko ya nailoni ikaruka kutoka kwenye jani mmoja baada ya mwingine, fyu, fyu, fyu. Ulipanda, ukaonekana kwamba umepotea kabisa, ukainama, ukaanguka nyuma ya mkwaju na kuuacha uzi umelala juu ya tawi. Ludya alikuwa ameushika kabla Maring hajamaliza kutoa pumzi.

Baada ya hapo mengine yalikuwa ya Ludya, na Maring hakuwa na wasiwasi na mtu aliyemlea mwenyewe. Binti alizungushia nailoni kijiti isimkate vidole, akavuta. Kamba nene ilipomfikia aliizungusha kwenye shina, juu kuliko kichwa chake, akafunga fundo ambalo hata Sajini asingelifungua. Lakini kwanza alikuwa amechukua chombo chake cha maji, pingili ndefu ya mwanzi, akakitoboa kitako kwa jembe na kukipitisha kwenye kamba, kimtelezee. Akajining'iniza hapo kwa kitambaa chake cha pili, mtoto mgongoni. Upande wa huku Basilyo alikuwa amefunga kamba kwenye nira ya Sajini.

"Sajini, mbele," alisema Maring, na nyati akaegemea nira. Kamba ikatoka majini ikidondosha matope, ikakaza, ikaimba.

Ludya aliruka. Aliteleza vizuri hadi karibu na katikati, kisha kamba ikalegea chini ya uzito wake na maji yakamshika miguu, kiuno, yakamlaza upande. Kwa muda ambao Maring hakupenda kuukumbuka, kilichoonekana ni mikono miwili kwenye pingili na kichwa kidogo cha Bining juu ya maji, mdomo wazi. Maring alimpiga Sajini kofi la kiuno, akamtukana hadi mababu zake, na Sajini akapiga hatua nne ambazo hakuna nyati aliyewahi kupiga bila kuahidiwa chakula. Kamba ikapanda. Basilyo alikuwa ameshaingia hadi kifuani, mkono mmoja kwenye kamba. Alimkamata binti yake nywele kwanza, kisha bega, kisha wote wawili.

Walipoketi ukingoni Bining alilia kwa hasira kubwa, na ilikuwa sauti tamu kuliko zote Maring alizowahi kusikia. Alilia na yeye, waziwazi, bila kujificha. Ng'ambo tuta la mwisho lilikwenda, na mkwaju ukabaki peke yake, maji yanauzunguka. Ludya alitema matope, akamfungua mtoto, akamkagua kidole kwa kidole. Kisha akaona upinde kwenye majani. Ulikuwa umepinda kama mzee wa miaka mia na kamba imelegea. Usingeweza tena hata kumtisha kuku.

"Baba, huu uliutoa wapi?"

Maring alingoja. Alimjua Basilyo. Katika hadithi zake zote, hata nguruwe waliomkimbia walikimbia kwa amri yake.

"Huu ni wa mama yako mdogo," alisema Basilyo. "Mimi nilitengeneza wa kwanza. Niliuparua ganda, ukavunjika, nikatupotezea matuta mawili." Alisema hivyo akimtazama binti yake usoni, mkono wake unachuruzika damu. "Kama angekuwa na kichwa kama changu, sasa hivi ningekuwa nakutafuta huko chini baharini."

Maring akaenda kumpa Sajini kiazi.

Siku ya nne, asubuhi, watoto saba walikuwa wameketi uani kwa Maring, kila mmoja na kipande chake cha mwanzi, wakati Basilyo alipoingia langoni. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa. Begani alibeba mwanzi wa miaka mitatu, wenye vidoa vyeupe, uliokatwa juu ya kifundo cha pili. Ludya alikuwa ameshamwambia Maring kwamba ule upinde uliolala umetundikwa juu ya jiko, na kwamba wa mvumo umesogezwa pembeni kuupisha, lakini Maring hakudhani kama angemwona mwenyewe hapa, mchana kweupe, mbele ya majirani.

Aliuliza kama kuna nafasi. Maring akamwonyesha mkekani, nyuma ya kasichana ka miaka mitano ambako kalisogea kwa ukarimu mkubwa. Basilyo akaketi, magoti yakilalamika, akaweka kisu chini na kungoja kama wenzake.

"Unataka kutengeneza nini, shemeji?"

"Upinde wa Bining."

"Bining ana miezi mitatu."

"Najua," alisema Basilyo. "Ndiyo maana nimekuja mapema. Nina mengi ya kujifunza."

Kasichana kakageuka, kakautazama mwanzi wake, kisha kakamwambia kwa upole, vile mtu anavyomwambia mgeni, kwamba upande wa kijani hauguswi. Basilyo akaitikia kwa kichwa, akaulaza mwanzi mapajani, ganda chini, na kuanza.